Pipa Lililopotea Njia

Misako ya pombe haramu Kisauni, Mombasa, huenda kwa mtindo uliozoeleka. Chifu na askari huingia vichochoroni, madumu hutolewa nje, kangara, mchachu wa kupikia chang'aa, humwagwa mtaroni, na mama pima (muuzaji) mmoja au wawili hupakiwa kwenye gari la polisi wakangoje kusimama mbele ya hakimu wa Shanzu. Picha hupigwa, taarifa hutolewa. Mkazi wa mtaa wa Kiembeni anayeisoma taarifa hiyo kwenye simu hubaki na imani moja: kile kilichoua watu Mukuru, Embu na Kirinyaga kimemwagwa mtaroni pamoja na kangara ile.

Mimi naona imani hiyo haina msingi, na inatugharimu maisha. Kitu kinachoua watu hamsini au mia kwa mkupuo hakipikwi kichochoroni. Hutengenezwa ng'ambo katika viwanda vikubwa, huteremshwa bandarini kikiwa na karatasi zake zote, hununuliwa na mtu mwenye haja halali, kisha mahali fulani kati ya ghala na karakana pipa moja huacha njia. Kitu hicho ni methanoli.

Ndiyo ndogo kuliko alkoholi zote: atomu moja ya kaboni, nne za hidrojeni, moja ya oksijeni. Mwanafunzi wa kidato cha nne huikuta juu kabisa ya orodha ya alkanoli, na inayoifuata ni ethanoli, alkoholi ya bia, ya mnazi na ya whisky. Kwa macho na kwa pua hakuna mnywaji, mpishi wala askari awezaye kuzitofautisha. Zote mbili hazina rangi, zina harufu kali yenye utamu kidogo, na huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Mizani nayo haisaidii. Lita ya methanoli ina uzito wa gramu 790 hivi na lita ya ethanoli ni karibu sawasawa na hiyo, kwa hiyo kile kipimo cha kuelea kinachotumiwa kupima ukali wa pombe kitaonyesha karibu namba ileile kwa kinywaji na kwa sumu. Ulimi ndio wa mwisho kusaidia: methanoli hulevya, ila hulevya kidogo kuliko ethanoli, na mnywaji anayeona haijamshika huongeza kikombe.

Zinapoachana ni kwenye moto na kwenye mwili wa binadamu. Methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 za selsiasi, ethanoli kwa nyuzi 78 na kidogo. Mvuke wa methanoli huweza kushika moto kuanzia nyuzi 11 hivi, na Mombasa haifiki baridi ya namna hiyo hata usiku wa manane mwezi wa Julai. Maana yake ni kwamba chombo cha methanoli kilichoachwa wazi Pwani kiko tayari kuwaka saa zote za mwaka. Petroli inahitaji kiasi mahususi cha mvuke hewani ili iwake, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Methanoli inawaka kuanzia asilimia 6 mpaka 36, upana ambao hauachi nafasi kubwa ya bahati.

Kisha kuna ule mwali wake. Methanoli huwaka kwa rangi ya samawati iliyopauka, bila moshi wala masizi, na juani haionekani. Wamarekani walijifunza hili hadharani. Baada ya ajali ya mbio za magari za Indianapolis ya mwaka 1964, iliyowaua Eddie Sachs na Dave MacDonald katika moto mkubwa wa petroli, magari yale yalihamia methanoli kwa sababu moto wake unaweza kuzimwa kwa maji. Mwaka 1981 dereva Rick Mears alisimama kujaza mafuta, methanoli ikamwagika, na watazamaji wakaona watu wanarukaruka na kujipigapiga bila kuelewa wanaungua na nini. Kisa hiki kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Kandokando ya ufuo, kutoka Nyali hadi Shanzu, ziko hoteli zinazoweka chakula cha wageni kwenye meza za bufee, na chini ya kila sinia kuna kikopo cha jeli ya moto. Jeli nyingine hutengenezwa kwa ethanoli, nyingine kwa methanoli, na lebo hazisomwi. Kijana anayemimina jeli mpya juu ya kikopo anachoamini kimezimika, kwenye meza iliyoko nje chini ya jua la saa saba, anamimina juu ya mwali asiouona. Wengi wa vijana hao hurudi kulala Kiembeni, Mtopanga na Utange.

Asili ya kitu hiki ni mti. Robert Boyle aliitenga mwaka 1661 kutokana na mvuke wa mbao zilizochomwa bila hewa, na mwaka 1834 Wafaransa Dumas na Peligot wakabaini imeundwa kwa nini. Kwa muda mrefu ilitoka huko huko, kwenye matanuri ya makaa. Mambo yalibadilika mwaka 1923, kampuni ya Kijerumani ya BASF ilipoanza kuizalisha kwa wingi kwa kuunganisha monoksidi ya kaboni na hidrojeni chini ya mgandamizo mkubwa. Mwaka 1966 ICI ya Uingereza ikapata njia nafuu zaidi, kwa kichocheo cha shaba. Leo sehemu kubwa hutoka kwenye gesi asilia, na China hutumia makaa ya mawe. Dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka. Ni kitu cha kawaida kabisa, cha bei ya chini, na asilani si dawa ya siri ya majambazi.

Matumizi yake yametuzunguka. Gundi inayoshikilia vumbi la mbao katika MDF, na ile inayobandika tabaka za plaiwudi, hutengenezwa kwa formaldehaidi, na formaldehaidi hutengenezwa kwa methanoli. Gundi nyeupe ya seremala hupitia asidi ya asetiki, ambayo nayo siku hizi hutoka kwa methanoli. Kwa hiyo kabati la jikoni lililopachikwa wiki iliyopita katika nyumba mpya ya Kiembeni limebeba methanoli mara mbili, ingawa imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine na haimdhuru mtu kwa njia tunayoizungumzia hapa. Kuna dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, ambayo kwa kawaida huhitaji methanoli au ethanoli. Kuna vimiminika vya kufutia rangi na baadhi ya thina, ambamo methanoli huchanganywa na asetoni na toluini.

Kwenye thina niseme zaidi, kwa sababu ndiko fundi wa kawaida anakutana nayo uso kwa uso. Methanoli haihitaji kunywewa ili iingie mwilini. Inapenya kwenye ngozi, na mvuke wake unaingia kwa pumzi. Fundi wa spreyi aliyefunga mlango ili vumbi lisiharibu rangi ya gari, anayenawa mikono kwa thina jioni, anapokea kidogo kidogo kila siku. Na kuna tabia ya kuhamisha kimiminika kutoka pipa kubwa kwa mpira, fundi akianza kwa kuvuta kwa mdomo. Ikiwa kwenye pipa ni methanoli tupu, mdomo mmoja uliomezwa kwa bahati mbaya unatosha kumharibia macho: mililita 10 zimewahi kupofusha, 30 zimewahi kuua.

Mapipa yenyewe yana hatari yake ya pili. Mombasa yenye shida ya maji hununua mapipa yaliyotumika kwa furaha, na mengine huishia kwa fundi wa kuchomelea yakatwe yawe jiko au mlango wa banda. Pipa lililojaa methanoli lina mvuke kidogo. Tupu, lenye matone chini na hewa tele, ndilo linaloripuka cheche ya kwanza inapogusa. Kulijaza maji na kulimwaga kabla ya kulikata ni kazi ya dakika kumi, kwani methanoli huondoka na maji bila kubisha.

Sasa mwilini. Methanoli yenyewe haina sumu kubwa kuliko ethanoli. Sumu inatengenezwa na ini letu. Kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe ya kawaida huigeuza methanoli kuwa formaldehaidi, ile ile ya formalini ya chumba cha maiti, na punde formaldehaidi hugeuka kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huziba mtambo wa ndani ya chembe za mwili unaotumia oksijeni. Mgonjwa anapumua, damu ina oksijeni, lakini chembe haziwezi kuitumia. Neva ya jicho, yenye njaa kubwa ya nishati, huanguka mapema, na sehemu za ndani za ubongo hufuata. Damu inakuwa chachu, na mwili unahangaika kuitoa chachu hiyo kwa kuhema haraka na kwa kina.

Kazi hiyo ya ini huchukua muda, na humo ndimo balaa ilimojificha. Dalili kubwa huja baada ya saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa mnywaji alichanganya na pombe ya kawaida. Amekunywa Jumamosi usiku, amelala, ameamka Jumapili na kichwa kizito, amesema tumbo linauma. Nyumbani wanasema ni uchovu wa pombe, mwacheni alale. Jumapili jioni analalamika haoni vizuri, kila kitu ni weupe na ukungu. Wengine huuliza kwa nini taa zimezimwa. Kufikia Jumatatu asubuhi kumwamsha ni kazi. Muda ambao tiba ingefanya kazi kirahisi ulipita wakati jamaa wakimsubiri alale hadi pombe imtoke.

Kenya ina historia ndefu ya mambo haya. Novemba 2000 pombe iliyouzwa kwa shilingi kumi, ndiyo maana ikaitwa kumi kumi, iliua zaidi ya watu 130 katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, na mamia wakalazwa, baadhi wakirudi nyumbani vipofu. Mwaka 2005 Machakos ilipoteza zaidi ya watu 40. Aprili 2010, ng'ambo ya mpaka, watu wapatao 80 walikufa Uganda, wengi wilayani Kabale, kwa waragi uliochanganywa na methanoli. Mei 2014 balaa ikaikumba Kenya katika kaunti kadhaa kwa siku chache: Embu, Kitui, Makueni, Kiambu, Murang'a. Wataalamu wa Norway na wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliofuatilia walihesabu wagonjwa wapatao 341 na kiwango cha vifo cha asilimia 29. Julai mwaka huohuo kukawa na mlipuko wa pili wa wagonjwa 126, na asilimia 21 wakafa. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu 17.

Tazama ramani ya vifo hivyo. Kama sumu ingekuwa inatokana na upishi wa chang'aa, ingetarajiwa kuua kidogo kidogo kila mahali chang'aa inapopikwa: wawili Kisumu, mmoja Kiembeni, watatu Busia, wiki baada ya wiki. Haiko hivyo. Miaka inapita kimya halafu mia wanakufa kwa siku tatu katika maeneo yaliyounganishwa na msambazaji mmoja. Huo ni mwenendo wa shehena. Mei 2014 wapishi wa kaunti tano hawakuamka siku moja wote wamekosea mapishi.

Kemia inasema vilevile. Uchachu wa sukari na nafaka hutoa methanoli kidogo mno. Inayopatikana katika pombe za asili hutokana hasa na pektini, ile gundi ya asili iliyomo kwenye maganda ya matunda, na ndiyo maana pombe kali za matunda huwa nayo zaidi. Umoja wa Ulaya, ambao si mlegevu katika mambo haya, unaruhusu pombe kali nyingi za matunda kuwa na hadi gramu 10 za methanoli kwa kila lita ya alkoholi safi, na watu wanazinywa miaka nenda miaka rudi bila kupofuka, kwa sababu ethanoli iliyomo inaizuia methanoli kidogo iliyopo isigeuzwe. Mnazi wetu una hatari ndogo zaidi. Ni utomvu uliochacha wenyewe, haukenekwi, na ubaya wake unajulikana na kila mgema: hauwezi kulala hadi kesho bila kuwa siki, na wauzaji huuongezea maji na sukari. Nimesikia wazee wa Utange wakisema mengi kuhusu mnazi wa siku hizi, na mengi ni kweli, lakini upofu haumo.

Hata ule ushauri wa wapishi wa kutupa mkupuo wa kwanza unaotoka kwenye bomba hautoshi. Ni kweli methanoli huchemka mapema, lakini ikiwa imechanganyika na maji na ethanoli haitoki yote mwanzoni, bali husambaa katika mkupuo mzima. Mpishi aliyetupa kikombe cha kwanza ametupa harufu mbaya. Na kama mtu amemwaga lita tano za methanoli ya kiwandani kwenye dumu baada ya kukeneka, hakuna cha kutupa ila dumu zima.

Nisieleweke kana kwamba naitetea chang'aa. Ina madhara yake, ina maji ya visima vichafu, ina madumu ya kemikali, na imevunja nyumba nyingi Kisauni. Lakini uvumi wa kila siku, kwamba ndani yake kuna mafuta ya ndege, asidi ya betri na dawa ya kuhifadhia maiti, umetufanya tuamini kila kitu kwa pamoja na tusichunguze chochote. Hiyo ya dawa ya maiti ina chembe ya ukweli usiotajwa: formalini hutiwa methanoli, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, ili isigande. Nani ana haja ya kuiba formalini inayochoma koo ikiwa methanoli yenyewe inapatikana na haichomi?

Swali la kwa nini mtu aitie methanoli kwenye pombe linajibiwa na kodi. Kwa viwango vya mwaka 2023, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali ulikuwa shilingi 356.42 kwa lita. Chupa ndogo ya mililita 250 iliyolipiwa kihalali ilibeba shilingi 89 za ushuru kabla hujagusa gharama ya ethanoli, chupa, usafiri na faida ya muuzaji. Mtu mwenye shilingi hamsini mfukoni ameshaondolewa dukani. Methanoli haitozwi ushuru wa pombe kwa sababu si kinywaji, na haipaswi kutozwa. Nafasi kati ya bei hizo mbili ndiyo mshahara wa anayelitoa pipa njiani. Wakati mwingine huenda hata hajui alichouza: pipa limeandikwa alkoholi ya viwandani, na yeye anadhani ni ethanoli tu ambayo haijalipiwa kodi. Waingereza waliruhusu spiriti isiyotozwa kodi mwaka 1855 kwa masharti kwamba itiwe roho ya mti ili isinyweke, yaani serikali yenyewe iliweka methanoli ndani ya ethanoli. Tangu hapo kila nchi yenye kodi kubwa ya pombe imeishi na jaribu hilo.

Dola hupambana na tatizo hili upande wa pili wa njia. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, tuliyoizoea kwa jina la Mututho, ilihalalisha chang'aa itakayotengenezwa kwa viwango, na ikaweka saa za baa. Tangu 2013 chupa hubandikwa stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, na kuna programu ya simu iitwayo Soma Label ya kuikagua. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa pombe za bei ya chini ziitwazo za kizazi cha pili katika eneo la Kati. Machi 2024, baada ya Kangai, Waziri Kithure Kindiki akasimamisha leseni za watengenezaji wa pombe hizo wakaguliwe upya. Zote hizo ni hatua za chupani na baani. Kuhusu Kangai, maelezo ya polisi wenyewe yalikuwa kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo kilichotoka kituo cha polisi cha Kiamaciri, kilichokamatwa kikahifadhiwa kisha kikapata miguu. Kinywaji kilichokwisha kukamatwa ndicho kilichoua. Sijui hoja gani nyingine inahitajika kuonyesha kwamba kukamata si sawa na kuondoa.

Linganisha na walivyofanya Ulaya kuhusu maji ya kusafishia vioo vya magari, ambayo katika nchi baridi hutiwa methanoli yasigande, na ambayo maskini wa huko walikuwa wanayanywa. Tangu Mei 2019 ni marufuku kuuza kwa umma maji hayo yenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi. Hawakuwakimbiza wanywaji, waliiondoa methanoli rafuni. Kwetu njia inayolingana na hiyo ingekuwa kuiandika methanoli kwa lita tangu inaposhuka Mombasa: nani kaleta, nani kanunua, kiwanda gani kimetumia ngapi, mapipa mangapi yamerudi matupu. Mahali ambapo kazi haidhuriki, ingetiwa rangi na denatoniamu, kitu kichungu kiasi kwamba chembe chache hufanya lita nzima isimezeke. Wenye viwanda watalalamika kwamba rangi inaharibu gundi, na wengine watakuwa na haki. Daftari halimharibii mtu gundi. Na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mombasa. Kazi yake kubwa isiwe kupima tumbo la maiti.

Hospitali ndiyo sehemu ya habari hii inayotia moyo, kama watu watafika. Kile kimeng'enya cha ini huipenda ethanoli kuliko methanoli mara kumi hata zaidi. Mgonjwa akipewa ethanoli kwa kipimo, ikakaa kwenye damu kati ya miligramu 100 na 150 kwa desilita, kimeng'enya hushughulika nayo na methanoli hutoka taratibu bila kugeuzwa sumu. Dawa maalumu, fomepizoli, hufanya kazi hiyohiyo kwa urahisi zaidi, nayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013, ila ni ghali. Sodiamu baikaboneti hutuliza uchachu wa damu, asidi ya foliki husaidia kuiondoa fomiki, na mashine ya kusafisha damu huondoa methanoli na asidi ya fomiki kwa pamoja. Ukiacha mashine na fomepizoli, hakuna kitu hapo kisichoweza kuwekwa kwenye kituo cha afya cha kata. Ethanoli safi ya hospitali ni bei ya chai.

Tripoli, Machi 2013, zaidi ya watu elfu moja walidhurika kwa methanoli, na kiwango cha vifo kilikuwa karibu asilimia 10. Kenya mwaka uliofuata, asilimia 29. Walibya hawakunywa sumu laini zaidi. Walikuwa katika jiji moja lenye hospitali kubwa, na baada ya siku za mwanzo kila daktari alijua anatafuta nini. Wetu walitawanyika vijijini, na wengi walifika hospitali wakiwa hawawezi tena kueleza.

Kwa Kiembeni kuna vikwazo viwili ambavyo haviko Embu. Kimoja ni daraja. Mashine za umma za kusafisha damu ziko Hospitali ya Rufaa ya Pwani, kisiwani, na gari la wagonjwa litokalo Kiembeni lazima lipenye Kongowea na Daraja la Nyali. Ni hoja ya kuanza tiba upande huu, si ya kusubiri kufika kule. Cha pili ni aibu. Katika mtaa ambao Waislamu ni wengi, kijana aliyekunywa ana sababu ya kuficha na mamake ana sababu ya kumfichia. Muuguzi anapouliza alikula nini, jibu ni wali na samaki. Anatibiwa malaria. Swali hilo linapaswa kuulizwa faraghani, mzazi akiwa nje, na kwa maneno haya: nani mwingine alikunywa nawe, yuko wapi sasa hivi? Kuhusu kuitumia ethanoli kama dawa, sijaona mgogoro mkubwa, kwani dharura ina mlango wake katika fiqhi na madaktari Waislamu wameutumia.

Nyumbani hakuna tiba. Maziwa, dafu, ndimu na mkaa haviikamati methanoli. Kumpa whisky kwa sababu umesoma kwamba ethanoli ni dawa ni kamari mbaya, kwa kuwa huenda chupa uliyoishika imetoka kwenye shehena ileile.

Yote haya ni kuhusu mapipa. Lakini methanoli iko njiani kuja kwa kipimo kingine. Mwaka 2023 kampuni ya meli ya Maersk ilizindua Laura Maersk, meli ya makontena inayoweza kuendeshwa kwa methanoli, na nyingine kubwa zaidi zimefuata, kwa sababu methanoli inayotengenezwa kwa taka za mimea au kwa umeme safi hupunguza sana hewa ya ukaa. Mimi naikaribisha. Ikimwagika baharini huyeyuka na kuliwa na bakteria, tofauti kabisa na mafuta mazito ambayo yangelala kwenye mikoko ya Tudor miaka kadhaa. Ila ina nishati chini ya nusu ya ile ya dizeli kwa lita, kwa hiyo meli itahitaji zaidi ya mara mbili ya ujazo. Bandari ikitaka kuzihudumia meli hizo, matangi yatajengwa, pengine Kipevu au Shimanzi, jirani na mitaa ya watu.

Meli moja inayochukua tani 1,000 itapokea lita zaidi ya milioni 1.2. Pipa moja la lita 200 katika shehena hiyo ni chini ya sehemu mbili kwa elfu kumi, na mita za mafuta hukosea zaidi ya hapo zikiwa nzima. Karani atalijumlisha kwenye upotevu wa kawaida na kufunga hesabu. Kwa mililita 100 kwa mtu, ni vipimo 2,000.